Babake amefunga geti kwa kufuli, na kijana ana miaka 19

Asalaam aleikum Shangazi, shikamoo. Barua hii naiandika kwa simu usiku watu wamelala, mchana sina nafasi, mimi ni muuza mahamri na mbaazi huku Kisauni na saa tisa ya usiku nishaamka kukanda unga, kwa hivo nikikosea mahali unisamehe.

Nina watoto watatu. Mkubwa ni msichana ana miaka 23, ameposwa na harusi iko baada ya Ramadhani inshallah. Mdogo bado yuko shule ya msingi. Wa katikati ndio huyu nakuandikia habari zake, mvulana, mwezi wa pili ametimiza 19. Uchungu wake ulinishika siku mbili nzima na alipotoka hakulia, akawekwa nasari wiki tatu, alipofika mwaka hajakaa ndio tukaambiwa ni mtindio wa ubongo, hospitalini wanaita CP. Mkono wa kulia umejikunja na mguu wa upande huo anauburura, kutembea anatembea lakini polepole, na maneno yake hutoka kwa shida mpaka mtu amzoee. Akili zake ni timamu Shangazi, yeye ndie hutuwekea mambo yote ya simu hapa nyumbani na kwa hesabu za pesa mimi ananishinda.

Alisoma shule maalum ya bweni, mwaka juzi akamaliza akarudi, na tangu hapo yuko ndani na simu yake. Kila kitu namfanyia mimi. Namuogesha, namvisha, namkatia nyama kwenye sahani, namnyoa, hata soksi namvisha mimi. Sijawahi kulalamika hata siku moja, huyu ni amana ya Mungu.

Sasa tangu mwaka jana amebadilika. Hataki nimuogeshe. Siku moja alijifungia bafuni peke yake akateleza akapasuka juu ya jicho, damu mpaka kwenye mlango, tangu siku hiyo nikatoa komeo la bafuni na nikarudi kumuogesha mwenyewe. Hasemi kitu tena. Nikimmwagia maji yeye hujifunika uso na ule mkono wake mzima mpaka nimalize.

Afu mwezi uliopita siku ya Ijumaa akaenda msikitini hapa karibu kama kawaida, hakurudi. Alasiri ikapita, magharibi ikapita, simu mteja hapatikani. Babake alienda msikiti kwa msikiti, kakangu akaenda kituo cha polisi, mimi nilikaa chini pale mlangoni siwezi hata kusimama, na wewe unajua huku kwetu mambo ya vijana wa mapanga. Saa mbili kasoro akaingia. Peke yake, mzima, na mfuko wa kachri mkononi ati ameniletea mimi. Kumbe walipanga na wenzake waliosoma pamoja wakutane bustani ya Mama Ngina kule baharini, akapanda matatu kutoka Mlaleo mpaka mjini, akachukua tuktuk, na kurudi vivyo hivyo, simu ikamzimikia huko.

Nilimpiga kofi Shangazi. Tangu nimzae sijawahi kumpiga huyu mtoto.

Kesho yake babake akanunua kufuli la geti. Babake hufanya vibarua bandarini, akitoka ufunguo anauacha kwangu naufunga kwenye pindo la leso, na nikienda kuuza mahamri asubuhi geti nalifunga. Kijana sasa hali na sisi, anachukua sahani yake anaingia chumbani. Wifi yangu anasema tumefanya sawa, mgonjwa haachiwi njia. Mamangu anasema nishukuru Mungu, wenzangu wanalia na vijana wao walio mitaani na mimi wangu niko nae ndani.

Na kuna jambo jingine linaloniumiza. Juzi nilimwambia binti yangu kwamba siku nikifa nduguye atamchukua yeye, ajue mapema na mumewe ajue. Alilia sana na mpaka leo ni kama ananikwepa.

Kitambulisho hatujamchukulia bado manake sikuona cha kumsaidia, kazi hafanyi. Sasa Shangazi nifanyeje? Nimuachie atoke akapatwe na baya huko nje? Na nikifa mimi nani atamuangalia? Sipati usingizi.

Mama wa watatu, Kisauni


Waleikum salaam mwanangu, marahaba, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama pale kwenye mfuko wa kachri. Hebu tulia uiangalie ile Ijumaa upya, uache kwanza ile hofu. Kijana alipanga safari na wenzake. Aliweka nauli. Alipanda gari Mlaleo akashuka mjini palipotakiwa, akasema na mtu wa tuktuk na yule mtu akamuelewa, akafika, akakaa na marafiki zake, akakumbuka kuna mamake nyumbani akamnunulia kachri, akarudi na giza limeshaingia akafika mlangoni kwake. Mwanangu huyo hakupotea, huyo alitoka. Alichokosea ni viwili, hakuaga na simu haikuwa na chaji, na hayo ni makosa ya kijana yeyote wa miaka 19, hata yule dada yake wa harusi nna hakika ashayafanya. Lakini dada yake hakufungiwa geti.

Kofi najua lilitoka kwenye woga wala sitakulaumu sana, wewe mwenyewe limekuuma kuliko yeye. Lakini nenda ukamuombe radhi, na usimuombe kwa kumpelekea chakula kizuri, muombe kwa mdomo, umwambie mwanangu nilikosea.

Kitu cha pili nilichokiona. Umenambia anachosema wifi yako, anachosema mamako, alichofanya babake, machozi ya bintiyo, yote nimeyasikia. Yeye mwenyewe sijamsikia hata neno moja kwenye barua nzima. Maneno yake hutoka kwa shida, sawa, lakini yanatoka. Na shida ya nyumba zetu ni kwamba mtu akisema polepole sisi tunammalizia, au tunamjibia, mwisho anaona afadhali anyamaze. Leo usiku kabla hujalala keti nae, mtoe mdogo wake nje, muulize unataka nini maishani mwako, afu unyamaze. Hata ikichukua dakika tano kutoka sentensi moja wewe nyamaza. Kama kusema kunamchosha akuandikie kwa simu, si umesema simu anaijua.

Nakwambia haya nikiwa na yangu moyoni. Mdogo wangu alipata polio akiwa na miaka miwili, miguu yote ikaenda. Mamangu Mungu amrehemu alimpenda yule kuliko sisi sote, alimbeba, alimpikia, pesa hakumshikisha, dukani hakumtuma, wageni wakija anaingizwa ndani wasije wakamuonea huruma. Mama alipofariki ndugu yangu ana miaka 34 na alikuwa hajui kuwasha jiko. Tukaanza kumpokezana, miezi mitatu kwa huyu, miezi mitatu kwa yule, na begi lake moja, na mimi mwenyewe nasema kwa uchungu kuna miezi nilihesabu siku zake zimalizike. Wali wa kwanza aliupika jikoni kwangu akiwa na miaka 41. Uliungua chini na juu ukabaki na kiini, na akaumaliza wote hakumpa mtu hata kijiko. Siku ile ndio nikaelewa kilichokuwa kimechukuliwa kwake miaka yote ile. Leo yuko kwenye chumba chake, anauza vocha na stima za tokeni kwenye kibanda, mimi ndie humtembelea. Kwa hivo unaponiuliza ukifa nani atamuangalia, hilo swali mamangu pia alikuwa nalo, na jibu lake lilikuwa linataka kuanza wakati mama yuko hai.

Tuanze na bafu, manake hilo ndio kubwa kuliko hata geti. Kijana amebaleghe zamani. Kujifunika uso kule ni aibu, na ana haki ya kuona aibu, ni mwanamume mzima anaogeshwa na mamake. Na nataka nikwambie jambo ambalo watu hawapendi kulisema. Mtoto mwenye ulemavu anazoea tangu udogo kushikwa na watu, daktari anamshika, mtu wa fizio anamshika, matroni, mama, shangazi, hakuna anaemuuliza. Akikua hivo hajui kwamba mwili ni wake na anaweza kukataa, na watu wabaya wapo na wanawatafuta vijana wa namna hiyo. Yeye kukataa kwako ndio alama nzuri kabisa. Wewe mama ndie wa kwanza wa kuheshimu hapana yake, ili siku mtu mbaya akija hapana ile iwe ishazoea kutoka.

Na mbona kule bweni? Nani alikuwa akimuogesha miaka yote ile? Matroni mmoja na watoto wangapi, mwanangu? Muulize, mimi naona alikuwa akioga mwenyewe, na aliporudi nyumbani ndio ukamrudisha utotoni bila ya kujua.

Alianguka kwa sababu sakafu inateleza na hakuna cha kushika, sio kwa sababu alikuwa peke yake. Hata mimi na miguu yangu miwili bafu lisilo na cha kushika linanitia wasiwasi. Muite fundi wa welding akupigie bomba mbili ukutani, moja ya kusimamia na moja ya kukalia, zitiwe ukutani kwa nati za nguvu sio misumari. Weka stuli nzito ya plastiki aogee amekaa. Weka mkeka wa mpira chini. Sabuni itie ndani ya soksi uifunge kwenye bomba kwa kamba, haitamponyoka na mkono mmoja unatosha. Maji ayachote kwa jagi dogo la mkono badala ya kopo. Komeo lirudishe, lakini nunua lile ambalo kwa nje lafunguliwa kwa kuzungusha sarafu, hapo ana siri yake na nyinyi mna njia ya kuingia likitokea la kutokea.

Kuvaa kuna ujanja wake na ni mmoja tu, ule mkono mgumu unaingia kwanza kwenye nguo na unatoka mwisho. Suruali ya lastiki, viatu vya kubandika visivyo na kamba, kanzu kwa Ijumaa ni rahisi kuliko shati la vifungo. Soksi zitamchukua muda, na siku za mwanzo utasimama nje ya mlango mikono inakuwasha kumsaidia, vumilia, mwache achukue dakika ishirini. Yale atakayoshindwa kabisa, labda kucha za mkono ule mzima, achague yeye nani amsaidie, na naona atamchagua babake au mjomba wake.

Hospitali pia msiiache. Watoto wetu wakitoka kliniki ya watoto huwa ndio mwisho, hakuna anaefuata. Lile jeraha la ubongo haliongezeki, lakini misuli ya mtu wa CP huzidi kukaza jinsi mwili unavyokua, asiponyooshwa mguu ule utamsumbua zaidi akifika thelathini. Pale hospitali ya Coast General ulizieni fizio na ulizieni pia OT, yule mtaalamu wa kumfundisha mtu kazi za kila siku, na mkifika kwa OT msimwambie tu mkono umejikunja, mwambieni anataka kujipikia, anataka kufunga vifungo, anataka kupanda matatu, hiyo ndio kazi yao hasa. Na yeye ndie aongee, wewe keti nyuma.

Sasa jikoni. Una kijana nyumbani asiekuwa na kazi na wewe saa tisa ya usiku uko peke yako na unga, mbona hujamuamsha? Beseni ukiliweka juu ya kitambaa kibichi haliendi popote, mkono mmoja unakanda. Kusukuma na kukata anaweza akiwa amekaa, mafuta ya moto muachie wewe kwanza mpaka mkono uzoee. Ubao wa kukatia upigwe misumari miwili safi ichomoze juu, kitunguu kinachomwa pale kinatulia anakata kwa mkono mmoja. Viazi vichemshwe na maganda, vikipoa yanatoka yenyewe. Nazi kwa mbuzi sikudanganyi ni kazi ya mikono miwili, lakini tui la paketi lipo madukani. Ajue chai, wali, mayai na mboga moja, na hapo mtu hafi njaa.

Na umesema kwa hesabu anakushinda. Basi mpe daftari la biashara. Madeni ya majirani, unga umeingia kilo ngapi, mafuta yameisha lini, yote ashike yeye, na mwisho wa wiki umlipe. Isiwe zawadi, iwe mshahara, hata kama ni kidogo. Akizimaliza kwa bando siku mbili usimuongeze, akae bila bando mpaka wiki iishe, kila mmoja wetu alijifunza pesa kwa kuikosa.

Hapo tunafika kwa kitambulisho, na mwanangu nakusihi hili usilaze. Unasema hukuona cha kumsaidia. Tangu alipotimiza 18 yeye ni mtu mzima wa Kenya mbele ya sheria, na bila kitambulisho hana laini yake. Hiyo anayotumia naamini iko kwa jina lako, maana yake hata M-Pesa yake ni yako. Hana benki, hana kura, hana pa kuandikishwa kazi. Na hapo Kisauni mnajua wenyewe askari wakipita wanavyokamata vijana, huyu maneno yanachelewa kutoka, askari atadhani ni mlevi au anamficha kitu, kitambulisho mfukoni ndio kinamsemea kabla ya mdomo. Chukueni cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vyenu muanzie kwa chifu.

Kikitoka hicho afuatilie usajili wa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Anapimwa kwanza hospitali ya serikali, maombi yanapita mtandao wa serikali wa eCitizen, na kwa ujuzi wake wa simu hayo ajaze mwenyewe, wewe usiguse. Ile kadi sio ya kuomba huruma. Ndio mlango wa mfuko unaosaidia vifaa kama magongo na mambo ya masomo, na akija kupata kazi ya mshahara ndio inayomuwezesha kuomba msamaha wa kodi ya mapato. Akifungua biashara, ile asilimia 30 ya zabuni za serikali waliyotengewa vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, yeye anaingia kwa milango miwili. Zile 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, ule msaada wa serikali, zimewekewa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkali kabisa anaehitaji kuangaliwa saa zote, kwa hivo usizitegee.

Wifi yako mwambie hivi kwa upole, huyu sio mgonjwa. Mgonjwa anangojewa apone, huyu hangojewi chochote, maisha yake ndio haya. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha, na babake nae ajue kwamba sheria ya 2003 ilikuwa na sehemu nzima inayomkataza mzazi kumficha mtu mwenye ulemavu akakosa nafasi zake, na 2025 imekuja sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile. Sikutishi na sheria, mwanangu, nakuonyesha tu kwamba kufuli si jambo dogo la nyumbani kama mnavyoliona.

Kwenye usafiri hofu yako nusu ni ya kweli. Mapanga yapo, giza lipo. Lakini hiyo inahusu saa na njia, na inamhusu kila kijana wa mtaa huo mwenye miguu miwili mizima. Kaeni watatu, wewe na babake na yeye, mkubaliane. Anaaga anakokwenda. Simu imejaa chaji, na pawabenki ndogo mfukoni. Kabla ya isha yuko nyumbani, au amepiga simu. Safari ya kwanza babake amsindikize, lakini akae kiti cha nyuma kabisa kama abiria asiemjua, kijana ndie aseme na makanga, alipe, aseme shukisha. Mlaleo mpaka Kongowea wiki ya kwanza, kisha mjini. Nauli aishike kamili mkononi kabla gari halijafika. Akae mbele kwa dereva, na ajifunze kusema mapema kwa sauti, subiri nishuke miguu yote miwili, manake makanga wetu gari linatoka mguu mmoja bado uko ndani. Na aandike kikaratasi akilaminishe, nasikia vizuri, nasema polepole, nipe muda. Mtu wa tuktuk akikisoma atangoja.

Babake usimuendee kwa ugomvi. Mtu aliezunguka msikiti kwa msikiti magharibi ile hana moyo mgumu, ana woga ambao hajui pa kuuweka, na kufuli ndio alichopata dukani. Ndio maana nataka yeye awe wa ile safari ya kwanza. Amuone kijana wake akishuka mjini kwa miguu yake. Na yeye ndie wa kuongea nae yale ya wanaume, mwili, mapenzi, heshima kwa wasichana na habari za kuoa. Nyinyi mnadhani hayamhusu, na ana miaka 19.

Kuhusu kazi nitapita haraka kwa sababu wa kuamua ni yeye na bado hujamuuliza. Vyuo vya ufundi vya kaunti vipo, aende akaangalie kozi za kompyuta. Cyber za hapo mtaani watu wanalipa kujaziwa fomu za eCitizen na za KRA, kazi ya kukaa na ya mkono mmoja, na yeye ashaijua nusu. Na siku moja mshuke nae hapo kwenye karakana za Bombolulu jirani yenu, tangu 1969 watu wenye ulemavu wa viungo wanafanya kazi pale, mapambo, ngozi, nguo, wameoa wamezaa wamesomesha. Kama hajawahi kumuona mtu mzima anaetembea kama yeye na ana funguo za nyumba yake, atajuaje kwamba inawezekana?

Bintiyo mfuate ukamtoe ule mzigo. Umemrithisha nduguye kama shamba, na hukumuuliza huyu wala yule, na kijana nae akisikia kwamba atahamishiwa kwa shemeji yake atajionaje? Dada abaki dada. Chukueni karatasi, kijana akiwa amekaa hapo, muandike watu watano au sita, dada, mjomba, rafiki yake wa shule, imamu, jirani mmoja mwaminifu, na kila mmoja jambo lake moja. Huyu wa kupigiwa simu akiumwa, huyu wa kumsindikiza hospitali, huyu wa kumuangalizia mkataba wa nyumba akipanga chumba, dada labda wa kula nae Idi. Jambo moja moja watu hubeba bila kulia.

Na kufuli. Wewe unatoka asubuhi kuuza, babake yuko bandarini, jiko la mahamri limewashwa tangu usiku, lina mafuta, na geti limefungwa kwa nje na ufunguo uko kwenye pindo la leso yako barabarani. Moto ukishika hapo ndani mwanangu, atatokea wapi? Liondoeni leo, msingoje kikao. Na kesho ukimaliza mbaazi pitia kwa fundi wa funguo, mkatie kijana wako ufunguo wake wa mlango wa mbele, umtilie kwenye kamba ndefu kidogo ili auvae shingoni, upande wa ule mkono mzima aufikie mwenyewe.